Kikombe cha Mama Zawadi

Alhamisi, 2 Machi 2017

Bushera asubuhi, ule uji wa mtama uliochacha kidogo, kwa Mama Zawadi, langoni kwa kambi ya askari. Nimekunywa nimesimama kama kawaida. Kikombe cha plastiki cha kijani. Anajua ni changu. Kulikuwa na dereva wa lori, mgeni. Mama alimmiminia uji, akaonja yeye kwanza huku dereva akitazama, ndipo akampa. Wageni wote huwaonjea hivyo, wajue hakuna kitu ndani. Mimi aliacha kunionjea zamani. Siku aliyoacha siikumbuki, ila nakumbuka nilijiona nimekuwa mtu wa hapa Bwera.

Ripoti za wiki kutoka zahanati: malaria, kuhara, malaria. Mvua bado. Vumbi mpaka ndani ya kompyuta.

Alasiri wameletwa askari wawili kutoka kambini. Homa, tumbo limevimba, wanatapika damu. Daktari anasema homa ya matumbo. Nimeandika hivyo, na alama ya kuuliza pembeni.

Ijumaa, 3 Machi

Mmoja amekufa kabla ya chakula cha mchana. Nilikuwa karibu na kitanda na sikujua la kufanya na mikono yangu.

Wengine watano wameingia. Wanne wa kambini, wa tano ni kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Hii si homa ya matumbo. Homa ya matumbo haina haraka hivi.

Nimepiga simu Kasese, ofisi ya afya ya wilaya. Mkuu wangu kasema anza. Kuanza nakujua: hakikisha ugonjwa upo, amua nani anaitwa mgonjwa, watafute wote, wapange kwa wakati, kwa mahali, kwa aina ya mtu. Niliyakariri chuoni mpaka nikawa nayasema usingizini. Hakuna aliyeniambia nitayafanya nikiwa naogopa hivi.

Mjini tayari wanasema sumu. Tangu yale mapigano ya mwaka jana, raia na askari hapa hawatazamani usoni. Kila upande unangoja upande wa pili ufanye jambo. Askari wakifa, kuna raia atalipia. Kila mtu anajua. Leo maduka yamefungwa mapema.

Jumamosi, 4 Machi

Siku nzima kambini, mlango kwa mlango, kwenye zile nyumba za bati za duara. Nimezaliwa ndani ya nyumba kama hizi. Baba alikuwa askari. Lugha yetu ya nyumbani ilikuwa Kiswahili cha kambi, nikaja kukinyoosha miaka miwili ya shule Bukoba, na ndicho ninachoandikia mambo yangu mpaka leo, maana ofisini hakuna anayekisoma kwa raha. Nilidhani harufu ya bati lililopigwa na jua ingenituliza. Haikunituliza.

Wa kuhesabiwa mgonjwa nimemfafanua hivi: mtu wa kambini au jirani na lango, mwenye homa na maumivu makali ya tumbo, tangu mwisho wa Februari. Kumi na mmoja mpaka jioni.

Aliyetutembeza ni Koplo Draku, mtu wa Arua, mcheshi. Mkono wa kushoto ameufunga kitambaa. Kasema ekzosi ya bodaboda ilimchoma. Nyumbani kwake tulimkuta mkewe, Joyce, amelala sakafuni anachemka. Tumemchukua. Alilia kwa ajili ya watoto wake watatu, si kwa ajili ya tumbo.

Nyumba nne zina kufuli. Wasabato, wako kanisani. Koplo akasema, "Hao usitafute leo, sista. Hata ukiwaambia kambi inaungua, watamaliza wimbo kwanza."

Nitarudi Jumatatu.

Jumapili, 5 Machi

Kimeta.

Fundi wa maabara alimwita Masereka, daktari wa mifugo wa wilaya, aje aangalie darubini. Masereka alitazama, akarekebisha lenzi, akatazama tena. Kisha akaniachia nafasi nitazame mimi: vijiti vya buluu, vimeungana kama mianzi. "Nimeiona kwa ng'ombe," akasema. "Kwa mutu, bado." Sampuli zimekwenda maabara ya Entebbe kuhakikisha.

Askari wa pili amekufa. Lakini dawa ipo, ya kawaida kabisa, na daktari ameanza kuwapa wote. Hiyo ni habari njema. Nimejiambia mara nyingi, kama mtu anayejiimbia gizani.

Habari mbaya ni jina lenyewe. Mfugaji anajua kimeta ni ugonjwa wa ng'ombe. Mwenye televisheni anajua ni ule unga uliotiwa kwenye barua huko Marekani. Mkuu wangu alipolisikia akaniambia nisilitamke tena kwenye simu.

Chuoni tulifundishwa dalili za mlipuko ulioletwa na mkono wa mtu. Wengi kupigwa kwa ghafla. Kundi moja kupigwa, hasa kundi lenye maadui. Watu kufa huku wanyama wakiwa wazima. Mwalimu alisisitiza kwamba hata zikitimia zote, maelezo ya kawaida yatangulie. Nimeziandika kwenye karatasi. Kwenye kundi lenye maadui nimeweka tiki. Tiki imetoka imepinda.

Jioni amefika Afande Opio, afisa wa upelelezi kutoka Kasese. Kwa kuwa huenda ni kusudi, yeye na mimi tutahoji pamoja, watu wasisumbuliwe mara mbili na ushahidi usipotee. Ni utaratibu sahihi, nimeusoma kitabuni. Nimekubali bila kufikiri.

Jumatatu, 6 Machi

Tumehoji tangu asubuhi. Wagonjwa, na wazima wa kulinganisha nao. Opio anakaa, bastola kiunoni, kofia juu ya meza yangu. Mimi nauliza, yeye anatazama.

Swali la kwanza ni nyama, bila shaka. Ng'ombe aliyekufa mwenyewe? Mbuzi? Nyama ya kununua njiani? Hakuna. Wote, hakuna. Mmoja alisema hajaonja nyama tangu Krismasi, na mwenzake wa kitanda cha pili akaunga mkono kabla sijamwuliza. "Afande, sisi ni watu wa posho na maharage." Nilicheka. Opio hakucheka.

Wasabato nimewapata. Familia nne, wazima wote mpaka kichanga. Wanakunywa bushera ya Mama Zawadi kila siku, maana chai hawanywi. Familia mbili za Waislamu pia, wazima, wanywaji. Nimewaweka kwenye safu ya wazima nikaendelea.

Masereka amerudi kutoka vijijini na matope ya mito yote. "Ng'ombe iko fiti kuliko mimi na wewe. Hata mbuzi hakuna imekufa."

Opio alichukua kofia yake. "Basi mnyama hakuna. Iko mtu."

Tiki ya pili.

Jumanne, 7 Machi

Nimekaa na namba tangu alfajiri. Chakula kimoja kimoja: maharage, samaki wakavu, chapati za njiani, maji ya bomba, maji ya mto. Vyote havisemi kitu. Isipokuwa kimoja. Karibu kila mgonjwa alikunywa bushera langoni. Kati ya wazima, nusu tu.

Nilitazama ile safu. Nikaenda chooni nikatapika, na nilipotapika niliinama kuangalia kama kuna damu.

Mimi nakunywa pale kila asubuhi.

Joto langu ni la kawaida. Nimepima tena. La kawaida. Nimebonyeza tumbo mpaka likauma kwa kubonyezwa.

Mchana, mkutano Kasese. Nimeonyesha jedwali. Nikasema hii ni dalili tu, kitu kinaweza kuandamana na ugonjwa bila kuuleta. Nilisema kwa sauti ndogo, kwa Kiingereza cha chuoni, nikitazama ukuta. Nilipomaliza niliulizwa jambo moja: anayeuza ni nani, na ni wa wapi?

Nikajibu. Kama mtoto darasani anayejua jibu. Mama Zawadi, mjane, alivuka mpaka kutoka Kongo wakati wa vita.

Opio aliandika. Chumba kizima kilipumua, kama watu waliokuwa wamebeba kitu kizito na sasa wamepata pa kukitua.

Jumatano, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake. Akina mama wa kambini walikuwa wamepiga pasi magauni yao ya gomesi kwa ajili ya maandamano. Hakuna maandamano.

Wamemkamata asubuhi, upawa mkononi. Mimi nilikuwa njiani kwenda kwake, sijui kufanya nini. Aliniona. "Mutoto yangu, uwaambie." Nilisimama pale pale. Opio akanigeukia mbele yake, kwa sauti ya kusikika na lango zima. "Kazi nzuri, sista."

Uso wake Mama Zawadi. Hakukasirika. Alikuwa anahesabu, kama mtu anayekumbuka mahali alipoweka kitu.

Kabla ya mchana meza, benchi na sufuria vilikuwa vimechomwa. Vikombe vimeyeyuka kwenye majivu, rangi zimechanganyika. Kijani nilikiona.

Kinyozi amekufa.

Alhamisi, 9 Machi

Kituo cha polisi. Niliomba kumhoji. Opio akakaa nasi, ndiyo utaratibu. Uso wa Mama Zawadi umevimba upande mmoja. Askari wa zamu kasema alianguka, na hakuna aliyekuwa amemwuliza.

"Mi sikuweka kitu mu ile bushera. Kila mugeni namuonjea. Ningetia sumu, si miye ningekufa wa kwanza?"

"Wachawi wanakuwanga na dawa yao," Opio akasema.

Nikamwuliza kama watu walikuwa wanakula kitu pale kwenye benchi. Akamtazama Opio. Akanitazama mimi. Kisha akatazama miguu yake. "Hapana. Banakunywa tu, banaenda."

Alikuwa anaogopa, na mimi nilikuwa naogopa, na nilidhani ni hofu moja.

Nje kuna umati. Vijana wa kambini na vijana wa senta, kule kwenye maduka, bega kwa bega. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana wamekubaliana jambo. Wanataka Mama Zawadi akabidhiwe kwao. Jumamosi atapelekwa Kasese kwa pikapu ya wazi, kupitia katikati ya senta. Nilimwuliza Opio kama hakuna gari lililofunikwa.

"Sista, hii si harusi."

Naandika sentensi hii ili niione. Akiuawa njiani, atakuwa ameuawa na jedwali langu.

Ijumaa, 10 Machi

Wagonjwa wapya wawili leo. Mama Zawadi yuko ndani tangu juzi, lakini ugonjwa huu hujificha mwilini siku kadhaa, kwa hiyo hilo halithibitishi kitu. Nisijidanganye kwa sababu nataka.

Rudia mwanzo.

Wakati. Nimechora upya. Chungu kimoja chenye sumu kingeangusha watu pamoja: mlima mmoja, halafu kimya. Mchoro wangu ni vilima vidogo, siku baada ya siku, kama kitu kinacholiwa kidogo kidogo. Bushera hupikwa upya kila asubuhi. Angelazimika kutia kila siku, na angemaliza wateja wote, wa kwanza wakiwa watoto wa Wasabato, maana wanakunywa kuliko mtu yeyote.

Wasabato. Waislamu.

Niliweka kalamu chini. Familia sita, wanywaji wakubwa, hakuna hata mmoja anayeumwa. Nilikuwa nao tangu Jumatatu. Dini haizuii vimelea. Dini inazuia sahani. Makatazo yao hayafanani yote, lakini kwa pamoja kuna nyama hawagusi: nyama isiyo halali kwao, nyama ya mnyama aliyejifia.

Na kuna mnywaji mwingine ambaye sikumwandika popote, si kwa wagonjwa wala kwa wazima. Mimi. Nilijipima joto kama mgonjwa, nikasahau kujihesabu kama mtu. Nakunywa kila siku na ni mzima. Lakini nakunywa asubuhi, nimesimama, naondoka. Nimefungua tena majibu yao: wagonjwa ni watu wa jioni. Watu wa benchi.

Wanakula nini kwenye benchi, wasichoweza kukitaja mbele ya bastola?

Nyama ya mbugani. Ukikamatwa nayo ni jela. Na mimi niliwauliza habari ya nyama huku jela yenyewe imekaa kando yangu, imevua kofia.

Nimempigia Opio. Hakupokea. Nimemtumia ujumbe kwamba asimsafirishe. Amejibu kwa neno moja: "Ushahidi?"

Sina.

Jumamosi, 11 Machi

Naandika polepole.

Asubuhi Opio alikuwa kituoni anapanga msafara. Nilikwenda kambini peke yangu. Koplo Draku alikuwa langoni, hana utani hata mmoja. Nikamwambia anionyeshe jeraha la hiyo ekzosi. Alisita. Nikavaa glavu, nikafungua kitambaa mwenyewe. Kidonda cheusi tii katikati, kama kaa lililozimwa, nyama ya pembeni imevimba.

"Inauma?"

"Haiumi, sista. Ndiyo nashangaa."

Kuungua kunauma. Kidonda cha kimeta cha ngozi hakiumi. Sikumwuliza zaidi, angekana, na kukana mara ya pili kungemfunga mdomo kabisa. Nilimwambia aende kwa daktari sasa hivi, nikaenda wodini kwa mkewe.

Joyce anapona. Nilivuta pazia. Nikamwonyesha kwamba sina kalamu. Nikamwambia Mama Zawadi anapelekwa Kasese leo, kwa gari la wazi, na nafikiri hatafika. Alilia kwanza. Mama Zawadi ndiye aliyempokea mtoto wake wa mwisho, mvua ilipokata barabara. Kisha akasema, karibu bila sauti, "Iko chini ya kitanda. Ndani ya gunia ya mkaa. Watoto wanajua mahali."

Nilikimbia. Sijakimbia hivyo tangu shule. Baba zamu, mama wodini, watoto watatu na njaa na gunia. Nilimpigia Masereka huku nakimbia, sijui alielewa nini.

Binti mkubwa alikuwa mlangoni anamenya matoke. Akaniamkia vizuri. Nikamwuliza wamekula nini wiki hii. Matoke ya jirani, maharage ya jirani. Na nyama? Akatazama ndani, akatazama chini. Baba amewakataza, ni ya watu wazima.

Nikakaa kwenye vumbi. Mtoto akaniuliza kama anipe maji.

Masereka alifika na glavu na mifuko. Vipande vinene vilivyokaushwa kwa moshi, vyeusi, na kimoja kina ngozi nzito kama tairi. Akakigeuza kwa kijiti. "Kiboko," akasema. "Na mimi nazunguka mulima nzima nauliza ng'ombe."

Nilipofika kituoni pikapu ilikuwa inanguruma. Mama Zawadi amekalishwa sakafuni nyuma, pingu mikononi, kitenge kichwani kimefunika macho. Umati barabarani, pande zote mbili, kimya. Ukimya ule ndio sitausahau. Walikuwa na mawe na walikuwa wametulia kama watu wanaongoja ibada.

Nilisimama mbele ya gari. Sikupanga. Nikasema, "Afande, njoo uone kitu kimoja. Halafu ukitaka, nikanyage."

Alishuka kwa hasira. Nadhani alikuja tu kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Nyumbani kwa Koplo aliinama, akatazama gunia muda mrefu.

"Nani alileta?"

Nikasema sijui. Nilikuwa najua.

Koplo Draku alikuwa ametufuata. Alisimama kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe kama mgeni. "Ni mimi, afande. Nilikuwa zamu Katunguru, kule mbugani. Tulimkuta amekufa kando ya maji. Sikumuua." Akapandisha mkono wa shati bila kuambiwa.

Walikuwa wanatafuna jioni, kwenye benchi, na bushera. Vipande vidogo vya mfukoni. Kila mmoja alijua na kila mmoja alinidanganya, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri. Anayenunua alikuwa anamlinda anayeuza, na anayeuza alikuwa anawalinda wote.

Opio hajamwachia. Anasema mtu anaweza kutia kimeta hata kwenye nyama. Amesema kwa uchovu, si kwa ukaidi. Nimemjibu kwamba ni kweli, anaweza. Kwa hiyo kesho twende tukamwone kiboko mwenyewe. Gari limezimwa. Mama Zawadi amerudishwa ndani. Watu walikaa barabarani mpaka jua likazama, kisha wakaenda nyumbani na mawe yao.

Jumapili, 12 Machi

Katunguru. Harufu tuliipata kabla ya daraja.

Viboko wamelala kando ya mfereji, wamevimba, miguu hewani, wengine wanaelea. Niliacha kuwahesabu. Wavuvi wanasema viboko walianza kufa ukame ulipozidi, majani yalipoliwa mpaka kwenye udongo. Hawakuripoti, maana anayeripoti ndiye anayeulizwa nani kala.

Kabla ya kushuka nilimwomba Opio aache kofia na bastola garini. Ilimchukua muda. Aliacha. Hata hivyo nilimwomba akae mbali kidogo, chini ya kivuli cha duka la soda, na akakaa, ananyonya Mirinda kama mtu aliyefukuzwa darasani. Hapo ndipo wanaume wawili waliponifunulia mikono yao. Vidonda vilevile. Vyeusi, visivyouma. Wote wawili walichuna viboko waliokufa. Hawakujua hospitali ina dawa ya hicho. Walidhani ni laana ya yule mnyama.

Kwanza walikufa wanyama. Kisha wakaugua waliochuna. Kisha waliokula. Mstari mmoja, wa kawaida, wenye huzuni. Njiani Masereka alilala. Tulipofika Kikorongo Opio akasema, kana kwamba anakiambia kioo cha mbele cha gari, "Kwa hiyo hakuna mtu."

Nimefuta tiki zote mbili. Siku zote hizi niliogopa mkono wa mtu, na haukuwepo. Ukiuondoa wangu.

Jumanne, 14 Machi

Tumetangaza kwa kipaza sauti kambini na senta: kila aliyewahi kukaa kwenye benchi ya Mama Zawadi aje achukue vidonge, haulizwi kitu. Nyama hatukuitaja. Wamekuja watu wengi kuliko benchi yoyote ingeweza kubeba. Wasabato hawakuja. Leo hakuna mgonjwa mpya.

Gunia limechomwa shimoni. Mabaki ya nyama yametolewa katika nyumba nyingine, yakiwa yameachwa mlangoni usiku bila mwenyewe.

Koplo yuko wodini na askari kando ya kitanda. "Sista, nimepandishwa cheo. Sasa niko na mlinzi." Atafunguliwa mashtaka. Nilimwambia pole na nilimaanisha, na sijui pole ile ilikuwa ya nini hasa.

Mama Zawadi ametoka mchana. Nilimngoja langoni kwa kituo cha polisi na bodaboda niliyokwisha kuikodi. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilitaka kumweleza jedwali ni nini, na kwamba halisemi nani, linasema wapi tu. Alipita. Kisha akasimama, hakunigeukia vizuri.

"Niliona ile nyama. Ungeniuliza pekee yangu, ningekuambia."

Nikasema najua.

"Uliniuliza mbele yake."

Akapanda bodaboda nyingine.

Ijumaa, 24 Machi

Majibu ya Entebbe: kimeta. Mkuu wangu kafurahi kana kwamba tumezaa mtoto. Ripoti nimemaliza. Nimeandika kwamba wahojiwa wasihojiwe mbele ya polisi pale ambapo jibu la kweli ni kosa la jinai, hata kama utaratibu unasema pamoja. Polisi wangoje nje, tuwape wanachohitaji baadaye. Mkuu ameikata sehemu hiyo ikabaki mstari mmoja, kisha nao akaukata. Nimeurudisha. Ameukata. Nimeurudisha.

Nimejiongeza kwenye jedwali, safu ya wazima. Mwanamke, mnywaji wa asubuhi, hakula nyama. Haibadilishi namba sana.

Mvua imeanza. Maji ya mlimani yameshuka na rangi ya chai.

Siogopi tena kwa namna ile. Naogopa kidogo kidogo, kwa vitu vidogo. Mtu akiniuliza swali nikiwa na jibu.

Jumanne, 4 Aprili

Siku ya soko Mpondwe, mpakani. Niliambiwa Mama Zawadi yuko kule, karibu na daraja. Langoni kwa kambi hajarudi.

Meza mpya, mbao mbichi. Sufuria ya kuazima. Vikombe vipya, vya buluu vyote. Uso umeshuka uvimbe, ila jicho moja linafunga polepole kuliko jingine. Nilisimama kwenye foleni, nyuma ya wanawake wawili wenye vikapu vya nyanya. Waliongea naye kwa Lhukonzo, wakacheka. Akawamiminia, wakapokea, wakanywa.

Zamu yangu ikafika. Hakushangaa. Akachota, akamimina. Kisha akakiinua kikombe mwenyewe, akaonja, akimeza taratibu ili nione, macho yake yakiwa juu yangu kama yalivyokuwa juu ya yule dereva wa lori.

"Karibu," akasema, akanipa.

Nilikunywa yote nimesimama. Ya moto, na uchachu kidogo. Nikarudisha kikombe, nikasema asante mama.

Soko jingine ni Ijumaa.